Mzigo Huu Ataubeba Nani?

Alhamisi usiku, sakafu ya bedsitter yangu hapa Kiuu haikuwa na pa kukanyaga. Hema. Godoro la kupuliza. Jiko dogo la gesi na sufuria mbili. Suruali tatu, kwa sababu huwezi jua. Pawabanki mbili. Tairi nzima ya spea. Kitabu kinene ambacho sijawahi kukimaliza hata nikiwa nimelala nyumbani. Jumamosi alfajiri mimi na rafiki yangu tungetoka Githurai kwa baiskeli hadi Mombasa, karibu kilomita 500, siku tano kama magoti yangekubali.

Ijumaa asubuhi nilibeba begi mpaka kwa muuza waru jirani, tukalining'iniza kwenye mizani yake. Kilo 23. Nikalisukuma hadi kwa fundi wa baiskeli, mzee ambaye hapa mtaani sote tunamwita Guka, anikazie keria. Akaliinua kwa mkono mmoja, akaliachilia.

"Kijana, unahama ama unasafiri?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na hii yote ataibeba nani?"

Nilidhani ni utani wa fundi. Lakini ukichimba historia ya safari kati ya pwani na bara, unakuta swali hilo ni la zamani sana, na kuna nyakati jibu lake liliua watu.

Kabla reli haijajengwa, mzigo kutoka pwani kwenda bara ulipanda kichwani au begani mwa mtu. Si kwamba watu hawakujua punda. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa na mbung'o, na ugonjwa wa mbung'o humaliza wanyama wa mizigo. Kazi ya punda ikafanywa na mpagazi. Mzigo wake wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu, na juu yake aliongeza mkeka wake na chakula chake mwenyewe. Begi langu la kilo 23, ambalo nilikuwa nalilalamikia likiwa juu ya magurudumu mawili, lingekuwa mzigo wa mgonjwa.

Na ndani ya mizigo hiyo kulikuwa na nini? Hapa ndipo nilishtuka. Sehemu kubwa ilikuwa pesa. Vitambaa vya merikani, shanga, waya za shaba: hivyo ndivyo msafara ulivyonunulia chakula na kulipia ruhusa ya kupita. Shanga nazo zilikuwa na fasheni. Rangi inayopendwa hapa, siku chache mbele hakuna anayeitaka, na wewe umeibeba njia nzima. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, msafara wake ulikuwa na watu karibu 200, na wengi wao kazi yao ilikuwa kubeba hiyo benki. Sisi, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, tunabeba benki mfukoni na haina hata gramu. Labda hicho ndicho kitu kikubwa zaidi kuwahi kutolewa kwenye begi la msafiri wa Afrika Mashariki, na hakuna mtu huwa anakitaja akiandika orodha yake.

Sasa sikia kisa cha Thomas Stevens. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuzunguka dunia kwa baiskeli. Alitoka San Francisco tarehe 22 Aprili 1884 kwa ile baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na kadogo nyuma, akamaliza Yokohama Desemba 1886. Mizigo yake? Soksi, shati moja la akiba, koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema na blanketi, na bastola. Basi. Vijana wa siku hizi wanaojisifu kwamba wanasafiri na vitu vichache, mwalimu wao ni huyo.

Halafu mwaka 1889 gazeti moja la New York likamtuma huku kwetu kutafuta habari za Stanley, ambaye safari hii ndiye aliyekuwa amepotea machoni pa dunia. Na Stevens, bwana wa shati moja, alifanyaje? Aliondoka pwani kuelekea upande wa Kilimanjaro na msafara wa wapagazi, kama wazungu wengine.

Njia zilikuwa mbaya, sikatai. Pesa ya njiani ilikuwa mzito, tumeshasema. Lakini nadhani kuna jambo lingine, na ndilo Guka alikuwa ananiambia. Ukibeba mwenyewe, mgongo na magoti vinakuhariri. Kila kitu kinajieleza au kinabaki nyumbani. Ukiwa na mtu wa kukubebea, orodha haina mwisho.

Na isipokuwa na mwisho, inafika mahali pabaya. Vita vya kwanza vya dunia vilipoingia huku mwaka 1914, jeshi la Uingereza lilihitaji watu wa kubeba chakula na risasi porini kuwafuata Wajerumani. Wanaume walikusanywa vijijini, wengi kwa nguvu, kutoka Kenya, Uganda na kwingineko. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi. Walimalizwa na kuhara, malaria na chakula kibovu, mzigo ukiwa kichwani. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Watu wakalitamka jina hilo walivyoweza, na ndiyo sababu Nairobi kuna Kariokor na Dar es Salaam kuna Kariakoo. Mathree ya Githurai ikikushusha Ngara, unatembea kidogo tu unafika. Tunanunua viondo na kula nyama choma juu ya jina la watu waliokufa wakibeba mizigo ya wengine.

Waliobaki walirudi nyumbani wakakuta kitu kingine cha kubeba. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kutembea na kipande, karatasi yenye alama za vidole na historia ya kazi yake, ndani ya kikebe cha chuma. Wengi walikivaa shingoni. Kuonekana bila hicho kilikuwa kosa la jinai. Kwa hivyo fikiria kijana wa huku Ruiru katika miaka ya 1930, mwenye baiskeli na hamu ya kuona bahari. Kitu cha kwanza kwenye orodha yake si blanketi wala maji. Ni kikebe. Na kama tarishi wa serikali au askari hapendi maandishi yaliyomo, safari inaishia hapo, hata tairi zikiwa mpya.

Miaka hiyo hiyo, watu wengine walikuwa wanazunguka Afrika kwa baiskeli. Wawili nimewapenda, na wote walianza mwaka 1931.

Wa kwanza ni Ramnath Biswas, Mbengali wa Sylhet, mwanajeshi wa zamani. Aliondoka Singapore tarehe 7 Julai 1931. Ndiyo, Saba Saba, ingawa yetu ilikuwa bado miaka 59. Alibeba shuka mbili, ndara, na kisanduku cha vyombo vya kutengenezea baiskeli. Mwaka 1938 alishuka meli Mombasa akaanza kupiga pedeli: Kenya, Uganda, Malawi ya leo, Rhodesia, mpaka Afrika Kusini. Angalia vizuri hiyo orodha yake. Hakuna hema. Mtu mwenye shuka mbili bila hema amejihukumu mwenyewe: kila jioni lazima abishe hodi mahali. Alichokosa kwenye baiskeli alikitafuta kwa watu. Na angalia alichokataa kuwaachia watu, yaani vyombo vya ufundi. Msaada wa kulala unaweza kuuomba popote. Spana ya saizi yako, sijui.

Wa pili ni Kazimierz Nowak wa Poland. Alianzia Tripoli Novemba 1931, akashuka hadi ncha ya kusini ya bara, akageuza, akapanda tena hadi Algiers mwaka 1936. Karibu kilomita 40,000, sehemu nyingine kwa farasi, mtumbwi na ngamia, kwa sababu baiskeli nayo ina kikomo chake. Hakuwa tajiri. Alijikimu kwa kutuma picha na makala kwa magazeti ya kwao, kwa hivyo kamera haikuwa anasa kwenye mzigo wake. Ndiyo iliyonunua mkate. Mwaka mmoja baada ya kurudi alikufa, umri miaka 40, mwili umechakazwa na malaria. Hata mzigo mwepesi una bei.

Lakini wazee wetu hawakuhitaji kusubiri wageni waje kuwafundisha baiskeli. Kwenye keria ya black mamba nimewahi kuona gunia la makaa, kreti za soda, kitanda, na mara moja mgonjwa aliyefungwa kwa leso asianguke. Kule Busia, miaka ya 1960, vijana walianza kuvusha watu na mizigo yao kwa baiskeli kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na cha Uganda, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, na kutoka hapo tukapata boda boda. Guka mwenyewe alipokuwa kijana alipeleka maziwa Ruiru kila asubuhi, mitungi miwili nyuma. Nilimuuliza alikuwa anabeba nini kingine. "Pampu," akasema. "Na nguvu za kurudi."

Siku hizi kuna safari kubwa ya kila mwaka ya baiskeli kutoka Cairo hadi Cape Town, ilianza 2003, na njia yake huku kwetu imewahi kushuka Moyale, Marsabit, Isiolo. Waendeshaji ni watu wa kuheshimiwa, hizo kilomita ni zao. Ila mabegi yao hubebwa na lori. Siwalaumu, ningepewa lori ningelikubali. Nasema tu kwamba lori ni jibu mojawapo la swali la Guka, kama vile mpagazi alivyokuwa.

Ijumaa usiku nilimwaga kila kitu tena sakafuni. Kila kitu nilikiuliza maswali mawili: nikikukosa, kuna mtu njiani anaweza kunisaidia? Na kama yupo, ni haki kumwomba? Hema likatoka, kwa sababu Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi kuna vyumba vya kulala vya bei ya chini. Jiko likatoka, hoteli za chapati ziko njia yote. Kitabu, kwaheri. Tyubu mbili, pachi, solusheni, pampu na spana zikabaki. Kitambulisho kikaingia mfuko wa mbele, pale mkono unafika haraka, maana kijana wa Githurai hujifunza hilo mapema na si kwa kusoma historia. Kilo 9. Guka akaongeza kamba ya mpira aliyoikata kutoka tyubu kuukuu. "Hii haina uzito, na utaitumia kila siku." Niliitumia kila siku.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, tukapanda Thika Road hadi Kamakis na kuchukua Eastern Bypass. Thika Road mpya ilizinduliwa mwaka 2012 ikiwa na njia ya baiskeli, na njia hiyo tuliigawana na mandazi, viatu vya mtumba na boda zinazokuja upande usiofaa.

Ningependa kumalizia kwa kusema nilipanga vizuri. Hapana. Siku ya tatu, kati ya Mtito Andei na Voi, maji yaliisha. Nilikuwa nimetoa chupa ya tatu ili kupunguza kilo moja na nusu. Jua la Tsavo, pori pande zote, karibu kilomita 100 kati ya mji na mji. Tulikaa chini ya mchongoma mwembamba tukinyamaziana.

Dereva wa lori la simiti alisimama bila kuitwa. Akateremsha jerikeni ya lita 20 iliyofungwa nyuma ya kichwa cha lori, akatujazia chupa, akakataa pesa. Nilimwuliza kwa nini anatembea na maji mengi hivyo peke yake.

"Si yangu," akasema. "Hii barabara huwa na watu kama nyinyi."

Nilipofika nyumbani nilimpelekea Guka hadithi hiyo. Alikuwa ameinama anakaza spoki, hakuinua kichwa.

"Basi sasa unajua ni nani alikubebea," akasema. "Safari ijayo beba chupa mbili zaidi. Moja yako."