Upungufu wa G6PD: dawa inapovunja damu

Kaka yangu alirudi India na malaria, akapewa primakwini. Siku ya tatu mkojo ukawa mweusi kama kahawa, macho manjano. Dawa haikuwa mbovu. Damu yake ina upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu. Zikikosa kinga hiyo, primakwini au dapsoni huzipasua. Hata ful, tunayoipenda kwa mkate asubuhi, huweza kufanya hivyo.

Upungufu huu ni mwingi Oman, na hata pwani yetu ya Afrika Mashariki upo. Mtoto wa kiume huurithi kwa mama.

Kipimo ni cha damu. Kikifanywa katikati ya shambulio huweza kudanganya, maana chembe changa zina kimeng'enya zaidi. Cha kaka kilitoka kizuri. Tulirudia baada ya miezi mitatu ndipo tukajua.