Utepe wa Kufungia Bomba la Moshi

Yamkini, ewe msomaji, umepata kumwona mtu uani kwake akilizungushia bomba la moshi la gari utepe mithili ya bendeji. Huuloweka majini kwanza, ili ulainike na vumbi lake lisipeperuke. Kisha huuzungusha kwa kuukaza, kila mzunguko ukiulalia kidogo ule uliotangulia, na mwisho huubana kwa vifungo vya chuma. Hivyo joto hubaki ndani ya bomba, lisiunguze nyaya zilizo karibu.

Utepe wa leo hufumwa kwa nyuzi za kioo au za mwamba wa basalti. Zamani ulikuwa wa asbesto, madini yenye nyuzi zisizoshika moto. Yalisifiwa mno; mabomba ya mvuke ya meli na viwanda yalivikwa hayo hayo.

Walioyafuma ndio walioumia. Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, Uingereza, alifariki mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 33, mapafu yake yamejaa makovu. Kiwanda kilikataa kuchangia mazishi yake. Daktari Cooke, aliyeyachunguza mapafu yale, aliandika habari zake mwaka ule ule katika jarida la madaktari. Kanuni za kupunguza vumbi viwandani zilitungwa mwaka 1931; marufuku kamili Uingereza haikuja hata 1999. Miaka 75, angalia!

Basi ukikuta gari kuukuu, bomba lake limefungwa kitambaa kilichochakaa, usikichane wala usikipige brashi: kwa macho matupu huwezi kujua kuwa ni kioo au ni asbesto.