Bwana Msa Mbele ya Kaya

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilizaliwa mzimuni. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957-58, Bwana Msa, mvuta kiko mithili ya Sherlock Holmes, anaipuuza hofu ya mizimu na kumsaka muuaji wa damu na nyama. Wahakiki wameusifu urazini huo, pengine kwa haraka mno. Msomaji wa Diani ni jirani wa Kaya Kinondo, msitu wenye makaburi na miiko, uliotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mpelelezi anapokanyaga mzimuni, huenda msomaji huyo akamhofia yeye kuliko muuaji. Taharuki hiyo haikupangwa na mwandishi.