Operesheni 750

Kuondoa tezi dume yenye saratani kupitia matundu madogo tumboni si jambo la zamani. Schuessler na wenzake walijaribu Marekani mwaka 1991. Mwaka 1998 Guillonneau na Vallancien wakaanza Paris, wakaandika kila hatua ili wengine wajifunze.

Kumbe kusoma hatua hakutoshi. Utafiti wa mwaka 2009 uliangalia madaktari 29 na wagonjwa 4,702. Daktari akiwa ameshafanya operesheni 10, hatari ya saratani kurudi ndani ya miaka 5 ilikuwa 17%. Akifika 250, 16%. Akifika 750, 9%.

Sasa jiulize, Mbeya hizo 750 zitatoka wapi? Wazee wengi, wa Iringa kama wa Mbeya, hufika hospitali saratani imeshasambaa, na hapo upasuaji huu hauwafai tena. Mzee akiwahi kupima anajiokoa, na mkono wa daktari unapata pa kujifunzia.