Mlinzi Mdogo Ndani ya Betri

Wasomaji wangu, leo naweka programu pembeni, tuongee betri.

Huku Busia na Malaba wengi tunaikumbuka Nokia 1100 ya mwaka 2003, mulika mwizi yenyewe. Betri yake, BL-5C, ilikuwa ya litiamu-ioni, na ndani yake mlikuwa na saketi ndogo ya ulinzi. Kazi ya saketi hiyo ni kukata umeme betri ikichajiwa kupita kama volti 4.3, ikiisha chini ya kama volti 2.5, au ikipigwa shoti.

Kwa nini iwekewe mlinzi? Mwaka 1989 betri za Moli Energy ya Kanada, zilizokuwa na litiamu tupu, zilileta moto kwenye simu huko Japani, zikaondolewa sokoni. Sony ilianza kuuza litiamu-ioni mwaka 1991. Hii ni salama zaidi, lakini nayo ikijazwa kupita kiasi inaweza kuwaka.

Tena mlinzi hukaa mlangoni tu. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kubadilisha bure BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, baada ya visa kama 100 vya betri kuchemka zikichajiwa. Shoti ikianzia ndani ya seli, saketi haiwezi kuizima.

Tochi nyingi za siku hizi hutumia seli za 18650: upana milimita 18, urefu 65. Nyingine huuzwa bila mlinzi, na kama tochi na chaja hazina saketi zao, hakuna wa kukata umeme. Yenye mlinzi huwa ndefu kidogo, kwa hiyo nenda sokoni na rula. Ukiona imeandikwa mAh 9900, irudishe mezani. Seli ya ukubwa huo haifiki hata nusu yake.

Bei rahisi isikuchomee nyumba. Tuonane tena.