Mwaka wa Siku 445

Mwaka wenye siku 366 tunauita mwaka mrefu. Basi mwaka 46 KK, ambao Roma iliupa siku 445, tuuite nani?

Mwaka wa Kirumi ulikuwa wa siku 355, na makuhani walipaswa kuchomeka mwezi wa ziada kila ulipolitangulia jua. Siasa na vita vikawasahaulisha, hata miezi ikayapotea majira yake. Julius Caesar, kwa ushauri wa Sosigenes wa Aleksandria, akaongeza siku 23 kwenye Februari, kisha miezi miwili ya jumla ya siku 67 kati ya Novemba na Desemba. Kabla siku hizo 67 hazijaongezwa, alikuwa ameshinda vita vya Thapsus, Afrika ya Kaskazini, tarehe 6 Aprili kwa hesabu ya Roma. Kwa mwendo wa jua ilikuwa mapema Februari. Macrobius, karne nyingi baadaye, aliuita mwaka wa mwisho wa vurugu. Jina hilo nalipenda kwa sababu ya lile neno "mwisho": linaona vurugu na tiba yake pamoja.

Walioishi humo hawakujua "46 KK"; hesabu ya Kristo aliiasisi Dionysius Exiguus mwaka 525 BK. Warumi waliutaja kwa makonsuli: Caesar mara ya tatu, na Lepidus. Kwa hesabu ya Varro ni mwaka 708 tangu Roma ijengwe. Cha ajabu zaidi ni enzi ya Waseleuko. Vuli ya mwaka huo, Washami walioanza mwaka majira ya vuli waliingia 267, ilhali Babeli, iliyouanza majira ya kuchipua, ilikuwa bado 266. Enzi moja, miaka miwili!

Ndiyo maana naona "KK" si pambo la kufutwa ili kuokoa nafasi. Nambari bila jina la enzi haijatuambia lolote. Hata likiwepo, tuhesabu kwa uangalifu: wanafalaki, kwa kuwa wana mwaka sifuri, huandika −45, lakini wanahistoria hutoka 1 KK moja kwa moja hadi 1 BK. Kutoka 46 KK hadi 46 BK, kwa hiyo, ni miaka 91, wala si 92.