Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam: Fundisho kwa Wajenzi wa Makanisa Upareni

Utangulizi

Mji wa Same, ulio chini ya Milima ya Upare, ni makao ya maaskofu wawili. Dayosisi ya Pare ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ilianza mwaka 1975. Kanisa Katoliki nalo lilianzisha eneo la kimisioni la Same mwaka 1963, likalifanya kuwa jimbo kamili mwaka 1977. Waumini wa pande hizi mbili huoana, huzikana na kusafiri katika basi moja. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu waliokwisha kuingia katika kanisa la wenzao kwa kusudi la kulitazama jengo na kuuliza linafundisha nini.

Jimbo la Same lingali changa. Anayetaka kuona kanisa kuu la Kikatoliki lenye umri mkubwa hana budi kushuka hadi pwani. Makala haya yanamwongoza msomaji katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, kisha yanamrudisha milimani kwetu, ambako kamati za ujenzi zinaamua hatima ya makanisa ya kale.

Historia yake kwa ufupi

Wajerumani walihamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891. Wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia walikuwa wamekwisha kufika nchini mwaka 1888 na kuanza kazi Pugu. Kituo hicho kilishambuliwa Januari 1889, wakati wa vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, na baadhi ya wamisionari waliuawa. Kazi ikaanza upya mjini, na ujenzi wa kanisa ukafanyika kati ya mwaka 1897 na 1902.

Kanisa hilo liliwekwa wakfu mwaka 1905. Yafaa tuukumbuke mwaka huo vema. Ndio mwaka ambao Vita vya Maji Maji vililipuka, na mwezi Agosti Askofu Cassian Spiss, aliyeongoza kazi ya Wabenedikto kutoka Dar es Salaam, aliuawa akiwa safarini kusini pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Aidha, kodi ya nyumba, iliyowachukiza sana wananchi, ilianza kutozwa mwaka 1898, wakati kuta za kanisa hili zinapanda. Kwa hiyo anayelisifu jengo hili asisahau kwamba lilisimama chini ya utawala wa mabavu. Uzuri wake ni wa kweli, na maumivu ya siku zake pia ni ya kweli.

Baada ya Wabenedikto walikuja Wakapuchini kutoka Uswisi. Mwaka 1953 Dar es Salaam ikawa jimbo kuu, na kuanzia mwaka 1968 hadi 1992 kiti cha askofu mkuu kilikaliwa na Laurean Kardinali Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kufanywa kardinali. Hivyo nyumba iliyojengwa na wageni imekwisha kuwa nyumba ya wenyeji.

Jengo lenyewe

Mtindo wa kanisa hili ni wa Kigothi, uliozaliwa Ufaransa katika karne ya 12 na kufufuliwa Ulaya katika karne ya 19. Alama yake kuu ni tao lililochongoka. Tao la mviringo husukuma kuta kwa nje kwa nguvu nyingi. Tao lililochongoka huteremsha sehemu kubwa zaidi ya uzito kuelekea chini. Kwa sababu hiyo mjenzi aliweza kuinua dari juu sana na kufungua madirisha makubwa bila kuta kubomoka. Kumbe kile tunachokiita utukufu kilitegemea pia hesabu na akili ya fundi.

Mgeni aingiapo huona kwanza urefu kwenda juu, kisha macho yake huvutwa mbele hadi altareni, palipo na michoro ya kuchongwa. Nyuma ya altare kuna madirisha ya vioo vya rangi, ambayo hupendeza hasa alasiri. Maandishi ya Kijerumani bado yanaonekana humo ndani. Kama ilivyo katika makanisa ya Kikatoliki, kila kitu kimepangwa ili kukiri kwamba Bwana yupo katika Sakramenti: tabernakulo huheshimiwa kwa kupigiwa goti, na vituo 14 vya Njia ya Msalaba humpa mwamini safari ya kutembea kwa miguu na kwa moyo. Mtu asiyejua kusoma huweza kuifuata habari ya mateso ya Bwana kwa macho yake.

Jirani yake Mlutheri

Mwendo mfupi kutoka hapo, likiutazama mlango uleule wa bahari, limesimama kanisa letu la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898. Paa lake la vigae vyekundu, mnara wake, na vijipaa vya vigae juu ya madirisha huonyesha kwamba nalo lilitoka Ujerumani. Majengo haya mawili ni ya kizazi kimoja na ya nchi moja. Basi, tofauti ya Mlutheri na Mkatoliki isitafutwe katika mnara au vigae.

Itafutwe wapi? Tarehe 5 Oktoba 1544, Martin Luther alihubiri wakati wa kuwekwa wakfu kwa kanisa la ngome ya Torgau, lililojengwa tangu mwanzo kwa ibada ya kiinjili. Alieleza kwamba nyumba ile ipo ili Bwana aseme nasi kwa Neno lake, nasi tumjibu kwa sala na sifa. Mimbari yake iliwekwa ubavuni, katikati ya ukuta mrefu, ili watu wasikie. Luther huyohuyo, Machi 1522, alikuwa amewazuia watu wa Wittenberg kuvunja sanamu kwa fujo. Hakuona uzuri kuwa adui wa Injili. Aliona hatari pale mtu anapoutumainia.

Kurudi milimani

Mara nyingi husemwa katika vikao vyetu kwamba kanisa ni watu, si jengo. Neno hilo ni la kweli, na Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha saba, hulitia nguvu. Lakini hutumika vibaya linapokuwa kisingizio cha kujenga bila kufikiri, au cha kubomoa bila kukumbuka. Sulemani alijua kwamba mbingu hazimtoshi Mungu (1 Fal. 8:27), na bado alijenga kwa uangalifu.

Wamisionari wa Leipzig walifika Shigatini mwaka 1900, na baadaye kazi ikaenea hata Gonja na Mbaga. Wapare walikuwa na desturi ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, iliyochimba mifereji na ndiva za maji kabla ya mmisionari yeyote kufika. Desturi hiyo ndiyo iliyojenga makanisa na shule zetu. Kwa hiyo kanisa la kale la mlimani si kumbukumbu ya Mjerumani peke yake. Ni jasho la babu na bibi zetu. Usharika unapokua, huenda ikalazimu kupanua au kujenga upya. Lakini kabla nyundo haijapigwa, mchungaji apime kuta, apige picha, na aandike kwa wazee majina ya waliosomba mawe. Kisha aiulize kamati: katika jengo jipya, Neno litasikika? Meza ya Bwana na mahali pa ubatizo vitaonekana na wote? Mzee na kiwete wataingiaje?

Hitimisho

Vyuo vyetu vya theolojia vifundishe wanafunzi kusoma jengo kama wanavyofundishwa kusoma andiko. Na mwanafunzi wa Kilutheri aingie kanisa kuu la Kikatoliki bila woga na bila dharau, avue kofia, akae kimya, atazame. Tangu tarehe 31 Oktoba 1999, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani wamekiri pamoja, katika Tamko la Augsburg, mambo ya msingi kuhusu kuhesabiwa haki. Wanaoweza kukiri pamoja kwamba wokovu ni kwa neema waweza pia kufundishana jinsi ya kujenga nyumba ambamo neema hiyo hutangazwa.